Jina Moja Kwenye Jalada

Montgomery, Alhamisi

Dada Ardelia,

Sisi wazima, na paka wako kanenepa.

Ile ripoti niliyoandika hapa taasisini, ya kutaka kodi ya chakula iondolewe, bosi Tolliver alifuta jina langu jaladani akabakiza lake. Akijifanya kuupamba mchoro wa nani hulipa kodi kiasi gani, akabadilisha majina, akawaweka maskini palipokuwa na matajiri. Kazi yangu kukagua. Niliona, nikanyamaza.

Leo Tolliver alipoiwasilisha mbele ya kamati ya seneti, seneta mmoja akacheka: "Kumbe maskini wenu hawalipi kitu! Nani kachora hii?"

Tolliver akanigeukia.

Seneta akamkatiza: "Usimtazame huyo, bwana. Jalada linakutaja wewe."

Kodi imebaki. Najua mtailipa wewe na wanao. Pasaka nitawaletea unga na kuku. Lakini dada, ungeuona uso wake!

Mdogo wako,
Corrine