Imekataa, Rudia

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Nauliza kwa mazoea tu, maana nina hasira nawe.

Jumatatu uliingia ujumbe: mwanangu amezidiwa shuleni, amekimbizwa hospitali, anatakiwa kupasuliwa, nitume pesa upesi. Nilituma ada yote ya muhula kwa kihoro, bila kusoma jina. Ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia ndipo nikaona majina yako yote matatu. Kupiga simu shuleni, naambiwa mtoto yuko darasani, mzima wa afya.

Kama ulikuwa na shida, ungeniambia. Nimeshakushitaki polisi. Sahihi nimetia.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, nguo za hoteli hazipungui. Watoto hawajambo? Na shemeji?

Mimi nikuibie? Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka miguu yako ikawa inaburuta chini? Namba hiyo siijui. Nimekwenda ofisi za kampuni ya simu, binti wa kaunta akaniambia nina laini nne. Nne! Mimi ambaye hata hii moja inanishinda.

Sasa kumbuka. Simu yangu ilipoibiwa, ulinionya nisisajili laini barabarani kwa matapeli, niende kibandani kwa mume wako. Nikaenda. Shemeji akanipa kiti, akaninunulia soda. Nikaweka kidole kwenye mashine yake, akasema, "Imekataa, shemeji, rudia." Nikarudia. "Imekataa tena. Vidole vyako hivi vimeliwa na sabuni." Tukacheka. Nikarudia, nikarudia, mpaka nikamwonea huruma kwa usumbufu. Kumbe kila nilipoweka kidole, laini nyingine inasajiliwa kwa jina langu.

Muulize. Halafu nenda ukafute malalamiko, tafadhali, kabla hawajanifuata kazini.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimechelewa kujibu, nisamehe.

Sikumuuliza kwanza. Nilimpelekea chakula cha mchana, nikakaa nyuma yake kibandani. Akaja bibi mmoja kusajili laini. Akaweka kidole, kioo cha mashine kikaonyesha alama ya kijani ya kukubali, nimeiona kwa macho yangu. Mume wangu akamwambia, kwa sauti ile ile ya upole aliyonitongozea mimi, "Imekataa, bibi, rudia."

Nyumbani nilimbana. Anasema laini za ziada huwauzia watu, wanazifanyia nini hajui. Nilipomwambia ni hao hao waliokula ada ya mwanawe, alilia.

Lakini dada, nikifuta malalamiko nitaulizwa sababu, na sababu yenyewe nalala nayo kitanda kimoja. Kibanda kikifungwa, hawa wanao watakula nini? Wewe uko peke yako, huna wa kukulilia njaa. Wakija, sema tu hujui kitu. Yatapoa.

Mdogo wako

20 Aprili

Marahaba. Nisalimie wanangu.

Hayakupoa. Walinifuata kazini, nikiwa nimekumbatia mashuka ya wageni. Meneja alinifukuza pale pale, wenzangu wote wanatazama.

Kituoni waliniuliza nani alinisajili. Barua yako ilikuwa ndani ya blauzi yangu. Ningeitoa, ningelala kwangu. Nikasema nina mdogo wangu, anajua kila kitu, atakuja kusema mwenyewe. Nilikutumia habari kwa jirani yako, na najua ilifika. Kila mlango ulipofunguliwa niliinua kichwa. Mpaka jioni hukuja, nikawaambia sijui kitu, kama ulivyonielekeza.

Sikufanya hivyo kwa ajili yako, wala ya huyo mumeo. Nilifanya kwa ajili ya wanangu. Barua yako nakurudishia hii hapa. Ichome, au uitunze ikuume. Uchungu nilio nao sijawahi kuusikia, hata siku tuliyomzika mama.

Wanangu wakikua, wafundishe kitu kimoja. Wakiambiwa mashine imekataa, wageuze kioo wakione wenyewe, hata kama anayewaambia ni ndugu.

Kabla ya kunifungia walichukua alama zangu za vidole, kwa mashine kama ile ya kibandani. Nikamwambia askari avumilie, vidole vyangu vimeliwa na sabuni. Akanishangaa. Ilikubali mara ya kwanza.

Mwenye laini nne