Fukusi wa kibanja chetu

Ihembe, Jumamosi jioni. Mvua imekatika, matope yamebaki. Nimechoka, na mikono yangu haiishi kunata utomvu wa mgomba.

Leo upepo umeangusha mgomba mwingine kibanjani, ule wa nyuma ya jiko. Mkungu wake ulikuwa bado haujakomaa. Nilipochungulia shinani nikaona matundu meusi. Fukusi wameula kwa ndani, kama walivyokula mingine.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakufoka. Angefoka, ningepata nafuu.

"Mama Neema," aliniambia, "dawa ipo dukani. Jirani amepulizia na kibanja chake kimesimama."

Najua ipo. Msimu uliopita Deo, mume wangu, aliileta nyumbani kwenye chupa ya soda, akaiweka chini ya kitanda. Binti yetu Neema alikuwa na kiu.

Alipona. Lakini ile safari ya bodaboda kwenda hospitali Nyakahanga, kichwa chake kimelegea begani mwangu, mimi sijaimaliza mpaka leo.

Ndiyo maana fukusi nawaokota kwa mkono. Nachukua shina la mgomba uliovunwa, nalipasua katikati, nalaza vipande kando ya mashina ya migomba iliyosimama, upande uliopasuliwa ukigusa udongo. Usiku fukusi wanafuata ule ubichi na kujikusanya chini yake. Asubuhi nainua, nawatumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni. Halafu naweka vipande vipya. Mgongo unauma hata nikilala.

Nikiri hapa: leo niliitamani ile dawa. Nilikaa juu ya mgomba ulioanguka nikawaza, Neema ameshakua kidogo, ataelewa akikatazwa.

Nikajiogopa.

Mchana nilimkuta mama mkwe ameinama migombani, amegeuza kipande kimoja. Fukusi walikuwa wametulia pale, weusi, wamejikunyata kana kwamba wamekufa.

"Huwa ni wengi hivi?" aliuliza.

"Walikuwa wengi zaidi, mama."

Alimchukua mmoja, akamtazama kiganjani kwa muda mrefu, kisha akamtupa mwenyewe kwenye kopo. Akaokota na wengine. Tuliokota pamoja mpaka alipojinyoosha huku ameshika kiuno.

"Upande wa bondeni nitauangalia mimi," alisema. "Kesho wewe lala. Unazeeka kabla yangu."

Nikageuka nikajifanya nakusanya majani makavu, asinione machozi.

Deo bado hajajua tulivyokubaliana. Atasema tunapoteza muda, na huenda mgomba mwingine ukaanguka wiki hii hii. Sijui kama kibanja kitapona.

Nimezima kengele ya simu, ile inayoniamsha alfajiri.