Eti Barabara Yetu Sasa Inaitwa Twiga

Jumamosi. Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi, baridi ya Julai inapenya hadi kwenye soksi, na mimi nina hasira.

Barabara yetu imepewa jina. Itaitwa Twiga.

Hebu niambieni, twiga gani? Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, sijawahi kumwona twiga akikatiza hata kwa bahati mbaya. Waliopita hapa ni wanawake wa kiwanda cha nguo, mama yangu akiwemo, alfajiri, wamejitanda kanga, wakiwahi zamu. Kabla ya hapo palikuwa mashamba ya kahawa tu. Kikaja kiwanda, watu wakateremka kutoka Kilimanjaro na huko Meru, wakapanga vyumba, baadaye wakajenga. Zikafuata mashine za kusaga, kanisa, shule, na baa (hizo hazikuchelewa). Kiwanda kilipofungwa majengo yakawa maghala, na sasa kila kona ni loji na magari ya watalii. Ukimuuliza mgeni mji huu ulikuaje, atakwambia habari za wanyama.

Ndiyo maana nilitaka kibao kiandikwe Barabara ya Kiwandani, kama tunavyoiita wenyewe. Nilimsumbua mwenyekiti wa mtaa mpaka akaweka mkutano Jumamosi, ili wastaafu wa kiwanda waweze kuja. Kisha Jumanne Mama Eli akafariki. Alifuma nguo kwenye mashine iliyo jirani na ya mama miaka yote ile. Mazishi yakapangwa leo, kijijini Nduruma, saa ileile ya mkutano.

Nilimwomba mwenyekiti aahirishe. Akasema ameshatangaza. Nikawaomba mama na wastaafu wenzake wapige kura kwanza, ndipo waende. Mama alinitazama kama nimemtukana.

"Mwanangu, mwenzetu anazikwa, sisi tukanyooshe mikono mkutanoni?"

Watu wetu bwana! Ukitokea msiba, hata serikali ingoje. Wakakodi gari, wakaondoka wote.

Nikaenda mkutanoni peke yangu. Mwenye loji mmoja, aliyelileta hilo jina la Twiga, aliahidi kununua kibao, wapangaji wapya wakampigia makofi. Ilipofika zamu ya Kiwandani, tulinyoosha mikono mimi na muuza mkaa. Nilitaka kulia mbele za watu.

Nduruma nilifika wameshazika, watu wanakula. Mama alikuwa amekaa chini ya turubai, amepakata mfuko wake. Naujua mfuko ule. Kiwanda kilipofungwa, wanawake wa idara ya ufumaji walipewa jora moja la kitambaa. Hawakugawana. Walikubaliana kwamba kila anayetangulia atakatiwa kipande cha kufunikia jeneza lake, na mama ndiye aliyeachiwa kulitunza. Leo alikuwa amemkatia Mama Eli.

Nikamwambia tumeshindwa. Nikamlaumu pia, sitaficha. Nikasema mngekuja, tungeshinda, sasa mmefutwa kabisa kwenye mji mlioujenga nyinyi. Nilisema kwa sauti, msibani. Aibu naiona sasa.

Mama hakunikaripia. Alifungua mfuko akanionyesha kilichobaki. Kipande kimoja tu, maua ya bluu, rangi haijapauka hata kidogo.

"Hiki changu," akasema. "Kibao waandike wanachotaka."

Nilikuwa sijajua kwamba wa idara ile amebaki yeye peke yake.

Nimerudi nyumbani, chai imepoa mezani, hasira haijapoa. Yeye ameridhika, mimi sijaridhika. Nataka alione jina la Kiwandani kwenye nguzo kwa macho yake, alisome, hata kama atasema tu herufi zimepinda. Jumatatu naenda ofisi ya kata kupinga, na mkutano mwingine wauitishe haraka. Wasingoje mpaka ule mfuko ufunguliwe tena, maana siku hiyo hata mimi sitakwenda kunyoosha mkono.