Asali Niliyoirudisha Ipole

Mama,

Shikamoo. Salamu hii sina tena pa kuipeleka, basi naiweka hapa kwenye karatasi.

Nakuandikia nikiwa kiwandani, Tabora mjini, wenzangu wamekwenda kula. Bado ni injinia wa uzalishaji. Tumefunga mtambo mpya wa kuchuja asali, mapipa hayabebwi tena begani. Ungefurahi kuuona. Lakini sikuandikii habari za mtambo.

Siku ile ulipokuja na wenzako wafuga nyuki kutoka Ipole, ulivaa kitenge chako cha kwaya. Nilitia tone la asali yako kwenye kipimo, kikaonyesha ina maji mengi, maana yake itachachuka. Nikakurudishia ndoo zote sita mbele ya watu, na za wenzako pia. Tena niliona fahari, kwamba simpendelei hata mama yangu. Ulisema tu, "Sawa, mwanangu. Kazi ni kazi." Hatukulizungumza tena mpaka ukatuacha.

Baada ya msiba, nikipanga vyombo vyako, niliikuta ndoo moja ya zile sita stoo, nyuma ya mlango. Nikaifungua. Mama, mwaka mzima ulikuwa umepita na asali haijachachuka! Nilionja, nikakaa chini.

Niliipeleka kiwandani nikaipima kwa kipimo kingine. Nzuri kabisa. Kile cha zamani ndicho kilichokuwa kimeharibika. Na kazi ya kukihakiki kila Jumatatu ilikuwa yangu. Nilikuwa naweka sahihi kwenye fomu bila hata kukigusa.

Meneja aliniambia, "Injinia, hayo yameshapita." Sikuweza kuyaacha. Nilikwenda Ipole, nikasimama mbele ya wenzako baada ya ibada, nikawaeleza yote. Kisha shoga yako, Mama Nyamizi, akanyanyuka.

"Mama yako alilia njia nzima siku ile," alisema. "Akatukataza tusikuseme vibaya."

Njia nzima, Mama. Mimi jioni ile nilikula nikashiba.

Nimejiuliza kwa nini hukuniambia kwamba asali yako unaijua. Lakini najua jibu. Ungesema, nami ningekuonyesha fomu.

Wanne kati ya wenzako wamerudi kutuletea asali. Wengine walishahamia kwenye tumbaku, sijui kama tutawaona tena, na siwezi kuwalaumu. Siku hizi kipimo nakihakiki kila asubuhi, mwenye asali akiwa amesimama pembeni yangu. Mama Nyamizi huinama mpaka kilemba kinanigusa shavu. Akishatazama ananiambia, "Rudia." Narudia.

Pumzika, Mama. Msamaha wako sikuuomba ukiwa hai, nauomba sasa. Nakuahidi kwamba mtu yeyote nitakayemrudishia mzigo wake, halafu akaniambia "sawa" akageuka kuondoka, nitamfuata nje. Nitamuuliza yeye anaonaje, na nitamsubiri mpaka aseme.

Mwanao,
Kalunde