Leso Niliyoikata Vipande Vitatu

Kwako Mama Rukia, niliyegawana nawe ukuta mmoja miaka kumi na mmoja,

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu simu yangu hushiki, na yule jirani niliyempa ujumbe akuletee alinirudishia jibu la neno moja: "Nimehama." Najua umehama. Nilisikia vyombo vikishuka ngazi kutoka ghorofa ya tano, nikahesabu safari saba, na hata moja hukusimama mlangoni pangu kuniaga. Liliniuma na bado linaniuma. Sitajifanya halikuniuma eti kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Lakini sikukuandikia kulalamika tu. Kuna neno nililokuapia mbele ya wageni wako, na halikuwa la kweli. Nitalifikia. Niache nianzie tulipoanzia.

Nilipofika Kware nilikuwa nafulia watu nguo, mikono imechubuka mpaka sabuni ikawa pilipili. Ulinikuta kwenye ngazi na mitungi miwili ya maji, ukaniuliza, "We mama wa bara, unajua kushona?" Nikakuambia najua kutia kifungo. Ukacheka. "Basi njoo nikutoe kwenye beseni." Cherehani yako ilikuwa ya kukanyaga, mkanda wake umefungwa kwa uzi wa nailoni, nawe unanisimamia kwa nyuma. Nikipinda mshono, unaufumua wote. "Mstari, Mama Kamau! Hii si njia ya Murang'a, kona kila mahali!"

Nguo hazikunikubali. Viti ndivyo vilivyonikubali. Nguo ina mtu ndani yake, na mtu hunenepa akakonda. Kiti ukikipima leo na kesho, jibu ni lile lile. Mimi nikashika futi na nyundo, wewe ukashika kitambaa, tukafungua kibanda pale Pipeline. Hakuna mtu aliyetushika mkono.

Jicho lako la kitambaa sijalipata kwa mwingine. Pazia la mtumba limechomwa na jua nusu nzima, unalikunjua hadi upindo na kuniambia, "Hapa pana inchi kumi na nane nzima, si ni kiti hicho?" Mashuka, magunia ya kahawa, suruali za jinzi zilizokufa magotini. Suruali nne, kiti kimoja. Wateja wa Donholm wakija wanapapasa: "Mama, hii material ni ya wapi?" Nawe bila kupepesa: "Hiyo imetoka nje." Wakiondoka unaniambia, "Si imetoka nje ya mlango wa mtu?" Nilikuwa nacheka mpaka misumari inanidondoka mdomoni.

Sasa nifike kwa watoto wetu.

Kamau wangu alimpenda Rukia wako. Ulijua, nami nilijua, na kila aliyechota maji ghorofa ile alijua. Nilikuja kwako kwa heshima, nikakuambia kijana yuko tayari kusilimu, ana kazi yake ya kufunga nyaya za stima, hanywi. Sikutegemea unipigie vigelegele. Ungesema hapana, ningeimeza. Lakini ulinijibu kwenye ngazi, wanawake wanne wakisikia, tena kwa kicheko: "Mama Kamau, maji ya mtungini hayamwagwi mtaroni."

Mtaroni, Mama Rukia. Sisi tuliokula sahani moja.

Kamau alipopata habari alisema tu, "Mathe, wacha hiyo story," akavaa viatu akaenda kazini. Hakuiongelea tena. Mimi ndiye ambaye sikuiacha.

Muda haukupita, ukaniambia Rukia amepata mchumba, watu wenu, shangazi yake kijana anakaa Donholm na ndiye atakayeongoza posa. Ulitaka sebule yako isimame. Tukaenda kuchukua lile kochi la watu watatu kwa familia iliyokuwa ikihama, fremu yake ya mvule, nzito kama deni la harambee. Tulipolivua tulikuta nguo tatu, moja juu ya nyingine: ya bluu, ya maua, na chini kabisa ngozi bandia iliyokauka kama maganda. Ndani ya springi tukapata soksi moja ya mtoto. Ukaiweka mfukoni, ukasema, "Mwenyewe sasa ana ndevu."

Ndipo ukaniletea leso ya marehemu mamako. Nyekundu, mji wake wa katikati una korosho, imefuliwa mpaka imelainika kama shavu. Ukataka iwe mito mitatu ya mgongoni, ili bibi yake Rukia naye awepo siku ile. Jina lake, yale maneno ya chini ya mji, lilikuwa hili, na ulinisomea huku macho yamekulowa: SIKUTAKII UBAYA NAKUOMBEA HERI.

Nikaipima. Inchi sitini upana. Mito mitatu, inchi ishirini kila mmoja, na hakibaki hata cha kufutia sindano. Nilijisikia bingwa. Nilikata mara mbili, nikashona, na kila mshono ukala nusu inchi yake huku na nusu inchi kule, kama mishono inavyokula siku zote.

Kwa wasomaji wasiojua leso niwaeleze, wewe utanivumilia. Kwa watu wa Pwani leso ni mdomo. Mtu akiitundika, akiivaa akapita mlangoni kwako, akikupa zawadi, amekuambia jambo, na hakuna anayeamini kwamba leso imeropoka kwa bahati mbaya. Jina la ile ya marehemu lilianzia inchi ya kumi na mbili. Kwa hiyo mto wa kwanza ulibaki na herufi nane; ya tisa, ile "I" ya mwisho, ilimezwa na mshono. Mto wa kwanza ukasema SIKUTAKI. Wa pili ukasema UBAYA NAKUOMBEA. Wa tatu ukabaki na HERI peke yake.

Kochi lilifika kwako asubuhi ya posa, limefunikwa shuka. Wewe ulikuwa jikoni na sufuria la pilau, mimi nakukatia kachumbari. Wageni walipobisha hodi ndipo Rukia akalivuta lile shuka mbio mbio. Baba mdogo wa kijana, mzee mwenye magoti mabovu, hakungoja kukaribishwa. Akaketi pale mwisho, mgongo wake ukaifunika HERI yote.

Shangazi alibaki amesimama hata tulipotoka jikoni. Niliona midomo yake ikisoma.

"Mama Rukia," akasema, "mngetupigia simu tu. Kushona kote huku ni kwa nini?"

Hukuelewa. Ukatazama alikokuwa akitazama, na uso wako sitausahau. Ukamrukia yule mzee: "Baba, simama! Simama kidogo, kuna heri hapo nyuma yako!" Mzee akadhani ni nge, akaruka na magoti yake yale. Katika siku nyingine tungecheka mpaka tulie. Shangazi alikuwa amekwisha kuvaa viatu. "Tumesoma," akasema, "na tumefahamu." Wakashuka ngazi, na trei zao za halua.

Ukanigeukia na mwiko mkononi. "Umenilipizia mwanao."

Nami nikajibu, na wote walisikia: "Haki ya Mungu, Mama Rukia, sikuona."

Niliona.

Niliona siku moja kabla, saa tisa mchana, kibandani. Nilipanga mito kwenye kochi, nikarudi nyuma hatua tatu kukagua mstari kama ulivyonifundisha, nikaisoma. Kwanza nilicheka. Hapo sikuwa na ubaya wowote. Ungekuwepo ungecheka pia. Kisha nikayasikia maneno yako ya ngazini, neno kwa neno, na kicheko kikakatika.

Mito ile ilikuwa na pande mbili. Nyuma nilikuwa nimeitia lile pazia lako la mtumba, rangi ya damu ya mzee, halina herufi hata moja. Kuigeuza yote mitatu ni nusu dakika. Sikuhitaji uzi wala kitambaa kingine, wala kukuita tushauriane. Nusu dakika. Nikasimama pale nikajiambia hakuna mtu anayesoma kiti. Nikajiambia na likitokea la kutokea, mimi mtu wa bara, mambo ya leso nayajulia wapi? Huku nayajua yote, na aliyenifundisha ni wewe. Kisha nikachukua shuka nikalifunika kochi kwa mkono wangu, na vijana wa mkokoteni walipokuja nikawaambia lisifunuliwe njiani, lisije likashika vumbi.

Sikukusudia posa ivunjike. Nilitaka uaibike kidogo, dakika tano, kiasi cha ngazi moja na wanawake wanne. Nimepima vitu maisha yangu yote, na hicho kipimo nilikikosea.

Kinachonifanya niandike sasa ni habari iliyonifikia kutoka Mombasa ulikohamia. Nimeambiwa unamwambia Rukia kwamba leso za bibi yake zina nuksi, na zile zilizobaki umezigawa zote, hata ile aliyofungiwa alipozaliwa. Nimeambiwa Rukia anaamini. Kila jambo likimkwama anasema ni bibi aliyemkataa.

Wiki iliyopita nilienda Donholm kwa yule shangazi. Nilisimama getini kwake nikamweleza kama nilivyokueleza hapa, kuanzia inchi sitini mpaka shuka. Hakunikaribisha ndani. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza, "Na kijana ameshaoa, sasa nikufanyie nini?" Nikamwambia sitaki kufanyiwa kitu. Akanitazama sana. "Sisi tulimtukana yule mama kila nyumba tuliyoingia," akasema. "Nenda ukamwambie hilo nalo." Ndiyo nakuambia.

Kuhusu lile neno la mtaro, Mama Rukia, bado linanichoma, na sitakuambia nimesahau ili barua hii ipendeze. Ulimdhalilisha mwanangu, na siku ukitaka kulizungumza nitakuwepo. Lakini Rukia hakuniambia neno hilo. Rukia alikuwa akinibebea misumari tangu hajaanza shule, akiniita mama mdogo, na ndiye aliyevuta lile shuka akitabasamu.

Kwa hiyo sikuombi msamaha, wala sikuombi ushike simu. Nakuomba jambo moja. Mwite, mkalishe, umsomee leso ya bibi yake yote, herufi zote, bila kukata. Mwambie marehemu alimwombea heri, hakuwahi kumkataa. Mwambie aliyemkatia maneno ana jina, bado ana kibanda Pipeline, na alikuwa na nusu dakika nzima mkononi akaiacha ipite.

Ni mimi, mama mdogo wake Rukia, kama bado ataniita hivyo,

Mama Kamau