Vichupa Viwili vya Dawa ya Baba

Debre Markos,
Megabiti 12.

Mpendwa mdogo wangu Mulualem,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huko Jeda hujambo? Na kile kikohozi cha vumbi la kazini kimekuacha? Mimi mzima, watoto wazima, na Baba leo amekaa kwenye cherehani yake anashona. Nimeanza na hilo ili usome yanayofuata ukijua kwamba yupo.

Nakuandikia kwa sababu kila ukipiga simu Baba anakaa ubavuni kwangu na sikio lake, na haya sikuweza kuyasema mbele yake.

Unajua tangu macho yake yafifie mimi ndiye ninayemchoma sindano ya kisukari. Miaka miwili tulitumia kichupa kimoja, insulini iliyochanganywa tayari, asubuhi yuniti ishirini na nne. Mwezi huu kituo cha afya kiliishiwa nayo, nikapewa vichupa viwili. Muuguzi alinieleza vizuri. Kimoja dawa yake ni angavu kama maji, hiyo ni ya haraka, yuniti sita, na lazima mtu ale ndani ya nusu saa. Kingine kina ukungu, unakibiringisha viganjani kabla ya kuvuta, hicho hufanya kazi polepole mchana kutwa, yuniti kumi na nane. Niliitikia kwa kichwa, nikasema nimeelewa. Na kweli nilikuwa nimeelewa.

Jumatano iliyopita, saa moja asubuhi, nilimchoma, nikamwekea injera na mchuzi wa shiro na chai ya sukari, nikakimbilia kinuni kusaga gunia la tefu. Nilikuwa na haraka, kwa sababu ukichelewa unakuta foleni.

Niliporudi saa tatu, mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi. Baba alikuwa anakanyaga cherehani bila kitambaa, sindano inachoma mbao tupu. Shati lilikuwa limelowa mgongoni, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Nikamwita. Akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Toka dukani kwangu, mwizi wewe," akasema.

Baba yetu, Mulualem, ambaye hajawahi kunitukana.

Nikamtoboa kidole nikapima sukari: thelathini na nane, chini mno. Nikakoroga sukari upesi, nusu ikamwagika nje ya kikombe. Nilipomnywesha maji hayo ya sukari akayatema kifuani kwangu, akabana meno. "Nimefunga," akasema. "Kabla ya saa tisa siweki kitu kinywani."

Nikafunua kifuniko cha kikapu cha chakula, ile mesobu. Injera yote ilikuwamo, haijaguswa. Padri wake wa maungamo alikuwa amemruhusu kula Kwaresima hii kwa sababu ya ugonjwa, naye alikuwa ananiambia kila siku amekula. Kumbe alikuwa anampa jirani yetu Asnakech awapelekee maskini wa kanisani.

Nilipogeuka alikuwa ameshaanguka kando ya kiti. Macho yalikuwa wazi lakini hayaoni. Asnakech aliingia mbio na bakuli la asali iliyokorogwa na maji, akataka kummiminia. Nikamshika mkono kwa nguvu nikamwambia hawezi kumeza, itaingia mapafuni. Aliniona katili. Tukamlaza ubavu, mwanawe akaita bajaji.

Njia nzima nilikuwa nahesabu pumzi zake. Pale kwenye mteremko wa soko nilipoteza hesabu.

Kituoni walimtia maji ya sukari kwenye mshipa. Hazikupita dakika kumi akazinduka, akauliza nani amechukua mkasi wake. Nikalia. Ndipo muuguzi aliponiuliza nilimchoma kiasi gani cha dawa ile angavu, nami nikajisikia nikijibu, "Kumi na nane."

Akaweka kalamu chini.

Nilivigeuza, ndugu yangu. Nilivuta kumi na nane za ile ya haraka na sita za ile ya ukungu. Muuguzi alisema hawezi kumruhusu Baba aondoke, kwa kuwa dawa hiyo ingeendelea kuishusha sukari kwa saa nyingi. Wakampima kila nusu saa. Saa saba ikashuka tena, wakampa sukari ya kunywa, kisha mkate. Tulirudi nyumbani siku ya pili.

Sasa watu wote waliamini ni kufunga kulikomwangusha. Padri alikuja akamkaripia, naye Baba akainamisha kichwa kama mtoto. Tangu hapo anakula. Nami nikanyamaza. Nilijiambia nikisema ukweli atarudia kufunga, au atakataa mkono wangu, na mkono mwingine hatuna. Siku nne sikulala vizuri.

Jumapili nilimwambia. Akaomba vichupa, akavipapasa kimoja kimoja, akaniuliza kipi ni kipi. Akakata uzi mwekundu, akaufunga kwenye shingo ya kile cha haraka, mafundo matatu.

"Mimi nilikudanganya siku kumi, wewe umekosea siku moja," akasema. "Lakini mtaani waambie ni kufunga. Wakijua ni wewe, kila sindano watakuja kukuchungulia."

Basi ndivyo atakavyokusimulia, na wewe mwitikie tu. Ila sikutaka wewe pia udanganyike. Na kama una hasira, niandikie mimi, usimpigie yeye.

Nisalimie Gebeyehu unayekaa naye. Asnakech anakusalimu, ingawa bado ananinunia kwa ajili ya ile asali. Mungu akulinde ugenini, na akurudishe ungali na afya yako.

Ni mimi dada yako, nisiyekuficha,
Wagaye