Punje ya Kando ya Kisima

Kitinda mimba wangu,

Huku tu wazima. Mbuzi kazaa mapacha, na paa la jikoni bado linavuja palepale unapopajua.

Watafiti walikuja kutusaidia kupanga mashamba na msitu vitufae hata miaka ishirini ijayo. Tulichora kijiji chini kwa majivu, kisha kila nyumba ikaambiwa iweke punje ya hindi kwa kila mtoto atakayelima hapa. Baba yako akaweka yako kando ya kisima.

"Mzee, una hakika atarudi?" mtafiti akamuuliza.

"Mimi sijui kusoma, lakini mke wangu hunisomea barua zake. Kila mwisho anasema anakuja."

Nikainama, nikasingizia majivu yameniingia machoni. Unajua hujaandika hivyo hata siku moja. Ni mimi, mwanangu. Ulipoandika kwamba umehama moja kwa moja, ulimi ulinigomea.

Basi kando ya kisima hawatapanda miti, wamekuachia wewe. Baba yako anapalilia hapo kila asubuhi.

Safari hii andika mwenyewe kwamba unakuja, hata kama ni uongo. Nimechoka kumsomea yasiyoandikwa.

Mama yako